Nyumba ya Gramercy Place: Marvin Gaye aliuawaje na baba yake, na mbona mzee hakwenda jela?

Juzi nipo kwa kinyozi, shingo nimeikunja, redio ikaanza kupiga Sexual Healing ya Marvin Gaye, fundi akasimamisha mashine katikati ya kichwa changu akasema "huyu jamaa baba yake mzazi ndio alimuua bana, tena siku ya wajinga". Basi ikawa ndio balaa. Mzee aliyekua anasubiri zamu akasema sio baba, ni mwanamke wa gesti. Dogo mmoja akasema yeye anavyojua baba alifungwa maisha akafia ndani. Mwingine akasema hakufungwa hata siku moja kwasababu alikua mchungaji na kule wachungaji hawafungwi, hapo nilicheka mpaka fundi akanikemea nitulie atanikata sikio. Nimetoka pale na nywele upande mmoja ziko juu kuliko mwingine, na nikajiambia hii story naiandika yote sehemu moja maana kila mtu kashika kipande chake na hakuna aliyekosea kabisa wala aliyepatia kabisa.

Tuanze na vitu vidogo kwanza.

Marvin Gaye ni muimbaji wa soul wa Marekani, kazaliwa Washington D.C. tarehe 2 April 1939. Soul kwa asiyejua ni muziki wa Wamarekani weusi uliotoka kanisani moja kwa moja, yaani chukua ile sauti ya kwaya ya kilokole, ule mlio wa kulia na kuitikiana, halafu pale kwenye jina la Yesu weka jina la mpenzi, hapo umeshapata soul nusu. Ndio maana wengi wa hawa waimbaji ni watoto wa wachungaji au walikulia kwenye kwaya, Marvin mwenyewe akiwemo. Kafanya kazi na Motown, ile lebo ya Detroit, kina I Heard It Through the Grapevine mwaka 1968, halafu 1971 akatoa What's Going On ambayo mpaka leo watu wanaiheshimu kama kitabu.

Nyumba tunayoizungumzia haipo Detroit. Hili niliweke wazi mapema maana kuna watu wanachanganya na ile nyumba ya Motown iliyogeuzwa makumbusho, ile ipo West Grand Boulevard, Detroit, ni studio, watalii wanalipa wanaingia. Hii nyingine ipo Los Angeles, California, namba 2101 South Gramercy Place, upande wa West Adams, na ni nyumba ya kuishi ya kawaida tu. Marvin aliwanunulia wazazi wake miaka ya 1970 akiwa na hela. Shika hilo neno, aliwanunulia wazazi, tutalirudia maana kwangu mimi ugomvi wote umelala hapo.

Na yule mzee wa "mwanamke wa gesti" wala hakua analeta uongo, kachanganya watu wawili. Huyo ni Sam Cooke. Naye muimbaji wa soul, naye mtoto wa mchungaji, naye kapigwa risasi Los Angeles, ila yeye ni December 1964, kwenye moteli, na aliyempiga alikua mama msimamizi wa ile moteli ambaye alisema alikua anajitetea. Kufanana hakuishii hapo, Sam alizaliwa Cook akaongeza herufi e mwishoni, na Marvin alizaliwa Gay naye akaongeza e. Kwa hiyo ukikuta mtu anawachanganya usimcheke, hata mimi nilishawahi.

Hiyo herufi e ina story yake. Jina Gay lilimletea utani toka shuleni, unajua wenyewe kwanini, na lilikua ni jina la baba yake neno kwa neno, Marvin Gay. Baba Marvin Gay, mtoto Marvin Gay. Kuongeza herufi moja ilikua ni kama kuhamisha vitu vyako kidogo kidogo kutoka kwenye chumba cha mtu.

Baba mwenyewe alikua mtumishi kwenye kanisa dogo linaitwa House of God, lilikua linachanganya ulokole na mambo ya Kiyahudi, Sabato wanaishika kweli kweli. Nyumbani alikua anachapa. Sio kile kiboko kimoja cha kukurekebisha tunachokijua wengi wetu, alikua anachapa mfululizo miaka na miaka, Marvin ndio alikula zaidi kwasababu hakua mtoto wa kunyamaza. Mzee kazi hadumu nayo, pombe anaipenda, na mama, Alberta, ndio alikua anatoka asubuhi kwenda kusafisha majumba ya watu ili watoto wale. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema walikosana kwasababu ya barua ya bima, ujue kachukua ukurasa wa mwisho wa kitabu akadhani ndio kitabu.

Sasa mtu mkubwa kama huyo alirudije kulala kwa wazazi?

Mambo yalimharibikia kuanzia katikati ya miaka ya 70. Ndoa ya kwanza, na dada wa bosi wake wa Motown, ikavunjika na ikamkamua hela. Ndoa ya pili nayo ikafa. Kodi hajalipa, serikali ya Marekani inamdai, kokeni imeshamkalia. Akakimbilia Hawaii, akaenda Ulaya, mwaka 1981 akaangukia Ostend, mji mdogo wa baharini huko Ubelgiji, ambako promota mmoja alimpokea kama ndugu. Huko akapumzika, akafanya mazoezi, na huko ndio ikatoka Sexual Healing mwaka 1982. Wimbo ukalipuka, February 1983 akachukua tuzo zake mbili za muziki za Grammy, za kwanza maishani, mwezi huohuo akaimba wimbo wa taifa kwenye mechi ya mastaa wa NBA kwa namna ambayo watu hawajaisahau mpaka leo. Ukiangalia kwa nje unasema huyu karudi.

Ila ziara aliyofanya mwaka ule ilimrudisha kwenye unga palepale, na akaanza kuingiwa na hofu, anaamini kuna watu wanataka kumuua. Mama yake naye alikua anaumwa, kafanyiwa operesheni ya figo. Ziara ilipoisha akaenda zake Gramercy Place kukaa na mama. Wakati huo baba hayupo, yuko Washington, akarudi mwezi wa kumi.

Hapa naomba tutulie kidogo maana ndio kiini chenyewe. Wewe umemjengea mzee wako nyumba. Hela zako, jasho lako. Miaka inapita, maisha yanakupiga, unarudi na begi unaingia chumba cha juu. Je wewe ni mwenye nyumba au ni mtoto uliyerudi kwenu? Kwa upande wa mtoto, nyumba nimenunua mimi, mama namhudumia mimi, na nikisema neno lisikilizwe. Kwa upande wa baba, mimi ndio baba, hii ni nyumba yangu, nani alikwambia ubaki hapa unavuta madude na kuleta watu wa ajabu. Hilo swali kwetu watu wanalijua vizuri sana, kuna familia ngapi zimegawanyika kwa sababu mtoto aliyejenga karudi na mzee hataki kushuka kwenye kiti. Pale Gramercy Place kiti kilikua kimoja na waliokitaka walikua wawili wenye jina moja. Na katikati yao mama.

Halafu ongeza bastola. Krismasi ya 1983 Marvin alimpa baba yake zawadi, bastola ya .38, akisema ni ya kumlinda na wavamizi. Wavamizi wenyewe walikua wengi wao kichwani kwake. Kwa hiyo silaha iliyomuua aliinunua au tuseme aliiingiza ndani yeye mwenyewe, miezi isiyozidi minne kabla.

Tunakuja kwenye siku yenyewe. Jumapili tarehe 1 April 1984.

Siku chache kabla mzee alikua anatafuta karatasi ya bima ambayo haionekani, na lawama kamtupia mkewe. Jumapili asubuhi kelele zikaendelea. Marvin yuko juu chumbani na mama yake, bado yuko na joho la kuamkia. Mzee yuko chini anafoka kwa sauti ipande ngazi. Marvin akajibu kutokea huko huko juu, kama una la kusema panda useme hapa usoni. Mzee akapanda. Akaanza kumfokea mama humo humo chumbani, Marvin akamwambia toka, hakutoka, Marvin akamsukuma mpaka nje kwenye korido na akampiga ngumi na mateke. Mama ndio aliyewaachanisha.

Kupiga baba. Wewe unayesoma unajua uzito wake. Na kwenye familia ile palikua na maneno yalishatamkwa siku nyingi, ndugu walikuja kusimulia kwamba mzee alishasema mara nyingi tu, siku mtoto wangu akinipiga nitamuua. Watu walichukulia ni maneno ya hasira kama yale ya kila nyumba.

Mzee akaenda chumbani kwake akarudi na ile zawadi ya Krismasi. Hakusema kitu. Mida ya saa sita na nusu mchana alimpiga risasi ya kifua, akamsogelea akampiga ya pili karibu kabisa, begani. Ya kwanza ndio iliyoua, ilipita kwenye moyo na mapafu ikaendelea kushuka tumboni. Mama alikua humo humo ndani, alianza kupiga kelele akimuomba mumewe asimpige na yeye, akakimbilia nje kwenye nyumba ndogo ya pembeni alipokua anaishi mtoto wao mwingine, Frankie, na mkewe. Frankie ndio aliingia akamkuta kaka yake chini akamshika.

Gari la wagonjwa lilifika ila wahudumu wakagoma kuingia. Utaratibu ni kwamba kama kuna mtu mwenye bunduki ndani na bunduki haijulikani iko wapi, hakuna kuingia. Ikabidi shemeji yake, mke wa Frankie, arudi ndani aitafute, akaikuta chini ya mto wa mzee, akaibeba akaenda kuitupa nje kwenye majani ya bustani ili wote waione. Mimi hiki kipande ndio kinanikaaga kichwani kuliko milio ya risasi, yaani bastola imelala kwenye nyasi, mtu anakufa juu, na mzee katulia zake nje kibarazani anasubiri polisi.

Alipelekwa California Hospital, saa saba na dakika moja wakasema amefariki. Alikua na miaka 44. Sio 45 kama inavyoandikwa na wengi, 45 angefikisha kesho yake. Na kweli watu wengi waliopigiwa simu siku ile walidhani ni utani wa siku ya wajinga, kwa hiyo fundi wangu hapo alikua sahihi.

Haya, sheria. Hapa ndio penye vurugu kubwa.

Kosa la kwanza aliloshtakiwa mzee lilikua kuua kwa kukusudia, lile zito kabisa. Angebaki nalo angekufa ndani. Ila kuua mtu kwenye sheria sio kitu kimoja, kuna ngazi, na kinachopandisha au kushusha ngazi ni kilichokua kichwani kwa muuaji. Ukikaa ukapanga, hiyo ni ngazi ya juu. Ukigonga mtu na gari kwa uzembe, hukutaka afe, hiyo ya chini. Katikati kuna moja inayochanganya sana watu kwa Kiswahili kwasababu magazeti yetu yanaiweka kapu moja na ile ya chini, yote "kuua bila kukusudia". Lakini hii ya katikati kusudi lipo, kidole kilivuta na kilitaka kuvuta, ila mtu alikua amechokozwa kiasi kwamba damu imempanda hajapata muda wa kupoa. California wanaitambua, na hata sheria za Tanzania na Kenya zina kitu cha namna hiyo, kuua kwa sababu ya kuchokozwa. Mzee aliangukia hapo.

Alifikaje? Vitu vitatu. Kwanza michubuko, mzee alipigwa picha baada ya kukamatwa na alama za kipigo zilikua wazi mwilini. Pili, uchunguzi wa mwili wa Marvin ulikuta kokeni na dawa nyingine inaitwa PCP, ambayo inajulikana kwa kumfanya mtu awe na vurugu. Tatu, walimpima mzee wakamkuta na uvimbe chini ya ubongo, ukatolewa mwezi wa tano mwaka uleule. Watu wanapenda kusema uvimbe ndio ulimuokoa, kwamba alionekana kichaa. Hapana, mahakama ilisema ana akili timamu za kusimama kwenye kesi. Ulisaidia picha nzima tu, mzee wa miaka karibu 70, mgonjwa, kapigwa na mwanae mwenye dawa kichwani. Mwenyewe alisema alidhani kwenye bastola hakuna risasi za kweli za kuua. Mimi hilo siliamini ila mimi sio hakimu.

Mwezi wa tisa upande wa mashtaka na mawakili wake wakakubaliana, kosa linashushwa, na yeye hapingi. Zingatia, hakusema "nakubali nimekosa", alisema sipingi. Tofauti yake ni kama vile trafiki kakusimamisha, unajua ukibishana utalala pale barabarani, unamwambia andika tu afande. Hujakiri, ila faini ni yako. Mahakamani ni hivyohivyo, anahukumiwa kama aliyekubali.

Tarehe 2 November 1984 ikasomwa hukumu: miaka sita jela lakini imesimamishwa, na miaka mitano ya kuwa chini ya uangalizi. Hii "imesimamishwa" ndio inawatoa watu jasho. Kumbuka yule mwalimu aliyekua anakwambia viboko vyako sita nimeviandika kwenye daftari, nenda darasani, ila nikikusikia tena unakuja kuvila vyote. Viboko vipo, havijafutwa, vimewekwa. Mzee miaka yake sita ilikua kwenye daftari, akaenda zake nyumbani na hakuilipa kamwe. Kwa hiyo dogo wa "alifungwa maisha" kakosea, na yule wa "hakukaa ndani hata siku moja" naye kakosea, maana mahabusu alikaa kabla ya kupata dhamana. Uchungaji haukumsaidia chochote jamani. Alikufa mwaka 1998, ana miaka 84, kama mzee mwingine yeyote.

Je ni haki? Mimi nimeshabadilisha mawazo mara kadhaa. Kinachonisumbua ni kile kitendo cha kutoka, kwenda chumba kingine, kuchukua bastola na kurudi. Hizo hatua sio nyingi ila ni hatua. Na ile risasi ya pili.

Kuna la mwisho watu wanalipenda sana, kwamba Marvin aliitafuta hiyo risasi makusudi, alitaka kufa akamtumia baba yake. Halikutoka hewani, Frankie mwenyewe alisimulia kwamba kaka yake alimwambia maneno ya namna hiyo akiwa anakata roho, na ndugu walisema siku chache nyuma alijaribu kuruka kwenye gari linalotembea. Inawezekana alikua amechoka kweli. Ila mtu kutaka kufa na mtu kukuua ni vitu viwili, na naona hii hadithi inapendwa kwasababu inamtoa mzee kwenye picha kijanja.

Wa kumuangalia kwenye haya yote ni Alberta. Mwanae kauawa mbele ya macho yake na mume aliyekaa naye miaka 49. Mwezi wa sita mwaka ule alifungua kesi ya talaka. Na dhamana ya yule mzee, ile ya kumtoa mahabusu, aliyeilipia ni huyohuyo Alberta. Niliposoma hilo mara ya kwanza nikadhani wamekosea kuandika. Alifariki 1987, saratani ya mifupa, miaka mitatu tu baadae. Marvin alikua ameshachomwa na majivu yake kumwagwa bahari ya Pasifiki, kwa hiyo kaburi la kwenda kuweka maua halipo, na nadhani ndio maana mashabiki wanaenda Gramercy Place.

Wanaenda kweli, wanasimama barabarani wanapiga picha. Ila pale hakuna makumbusho wala kiingilio, ni mtaa wa watu na wanaoishi ndani hawahusiki na chochote. Ukijaaliwa kufika Los Angeles, picha piga ukiwa upande wa pili wa barabara, na kengele usiguse.